Mashine Moja, Zahanati Kumi na Moja

Mkurugenzi wa shirika la misaada alikutwa ghalani saa mbili asubuhi, amefungwa kwenye kiti, amekufa. Shingoni palikuwa na alama ya mpira wa oksijeni. Usoni alikuwa amevishwa barakoa ndogo ya mtoto. Mashine yenyewe ya oksijeni ilikuwa pembeni, waya umechomolewa.

"Alama za vidole?" aliuliza Inspekta.

"Zipo tele, afande, ila bado hatujui ni za nani," alijibu koplo.

Inspekta alimjua marehemu kwa mabango tu, kakumbatia watoto wa watu, meno yote nje. Hakuwahi kumpenda. Lakini kazi ni kazi.

Ubavuni mwa mashine palikuwa na stika: ZAWADI KWA ZAHANATI YA SOKONI. Aliikwangua kwa ukucha. Chini yake ilikuwepo nyingine, ya zahanati ya reli. Chini ya hiyo, nyingine tena. Zilikuwa kumi na moja. Akamwita mtunza ghala, mama wa makamo.

"Mama, mashine nyingine kumi ziko wapi?"

"Hazipo, mwanangu. Ni hiyo hiyo. Inapelekwa, inabandikwa stika, wafadhili wanapiga picha, inarudi."

"Na michango ya hizo kumi?"

"Mabango. Fulana. Hafla za hotelini. Bosi alisema mtu hatoi kwa asichokiona."

Damu ilimchemka Inspekta. Watu walijinyima wakatoa kwa moyo mweupe, na hakuna hata mmoja aliyerudi kuuliza kama mashine bado ipo.

"Kuna zahanati iliyowahi kukataa kuirudisha?"

"Ya reli, mwezi uliopita. Kulikuwa na mtoto anaitumia."

"Nani aliifuata?"

"Dereva. Maskini, wiki ile ile alifiwa na mjukuu. Tangu hapo hasemi na mtu."

Inspekta akampigia simu muuguzi wa zahanati ya reli.

"Yule mtoto aliyekuwa anatumia mashine alikufa? Alikuwa wa nani?"

"Wa binti wa yule dereva," alisema muuguzi. "Alikufa, na mzee hakujua kuwa ni mjukuu wake. Mtoto alikuwa amefunikwa hadi kidevuni na barakoa usoni, mama yake yuko nyuma anafua. Nilimsihi mzee yule mpaka nikachoka."

Dereva alikuwa uani, ndani ya gari la shirika, mikono kwenye usukani.

"Shikamoo, mzee. Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Marahaba. Nilikuwa ghalani. Nimemuua mimi."

"Kwa nini?"

"Siku ile muuguzi aliniomba nisubiri hadi asubuhi. Nikampigia bosi. Akasema wageni wako njiani, picha kwanza, mtoto atavumilia. Nikachomoa waya. Sijafika nusu ya njia, binti yangu akapiga simu. Msibani hakunipa hata mkono."

"Na barakoa?"

"Nilimvisha, nikawasha mashine, nikamwambia avute hewa aonje utamu wake. Akaanza kunibembeleza. Nikamwambia wageni wako njiani, avumilie. Nikachomoa, nikamalizia kwa mpira."

"Unajuta?"

"Kwa huyo? Hata chembe. Akifufuka narudia."

Inspekta alitoa pingu.

"Lakini mkono uliochomoa waya wa mtoto ni wako, mzee wangu."

"Najua." Dereva alinyoosha mikono yote miwili. "Mtoto tulimuua watu wawili. Mmoja nimeshamalizana naye. Huyu wa pili nimemleta kwenu."