Kivuli cha Saa Sita

Watu wa Ntinda waliomjua Amito wanasema hakuwa mtu wa woga, alikuwa mtu wa maua. Mwaka wa sabini na tano, mumewe, Sajini Komakech wa polisi, alipewa nyumba huko na wakubwa wake. Siku ya kuhamia, Amito, mtoto wao Onen mgongoni, hakutazama hata vyumba. Alitazama bustani ya mbele: tupu, haina mti, inapigwa jua tangu asubuhi mpaka jioni.

"Hapa nitapanda vichaka vinavyopenda jua," alimwambia mumewe.

Komakech aliingia ndani akafunga mapazia ya upande ule.

Amito akaanza na mawaridi. Yote yakashika, isipokuwa yale ya katikati. Akayang'oa, akapanda hibiskasi. Ikageuka manjano, ikalala. Akaweka samadi. Akapunguza maji, akaongeza maji, akabadilisha udongo. Akaleta bogenvilia, ambayo humea hata penye mawe. Nayo ikaoza. Kushoto na kulia maua yalichanua kama yanamcheka; pale katikati, pengo. Ilifika mahali akawa anaigombeza ardhi kwa sauti, majirani wakimsikia.

Mwishowe, kwa hasira, akaibeba ile bogenvilia iliyooza hadi Kyebando, kwa Julienne, mkimbizi kutoka Kongo aliyeuza miche kando ya barabara.

"Mbona unaniuzia uchafu kila siku?"

Julienne akaugeuza mche mkononi. Shina lilikuwa refu, jembamba, jeupe. "Mama Onen, huu hauna ugonjwa. Ulikuwa unatafuta jua. Umeupanda kwenye giza."

"Giza gani? Pale mchana hata kuku hakanyagi kwa ukali wa jua!"

"Basi twende nikaone."

Walifika jua likiwa utosini. Julienne akachuchumaa, akagusa udongo wa lile pengo, akauondoa mkono haraka. Amito naye akagusa. Baridi. Baridi na unyevu, kama chini ya mtungi.

"Mama Onen," Julienne alinong'ona. "Angalia vivuli vyetu."

Vilikuwa vidogo, vimejikunja miguuni pao, kama ilivyo saa sita.

"Na hiki ni cha nani?"

Kivuli cha tatu kilikuwa kimelala katika pengo. Kirefu, kana kwamba ni jioni. Mabega. Shingo. Kofia yenye ukingo mpana. Na hapakuwa na mtu.

Kikasogea. Kidogo tu, kama mtu aliyechoka kusimama anapobadilisha mguu.

Julienne alitoka mbio mpaka barabarani, hakuaga.

Komakech alipokuja kula chakula cha mchana, alimkuta mkewe ameketi jikoni, mikono imejaa udongo.

"Baba Onen, bustanini kuna kivuli cha mtu. Mtu mwenyewe hayupo."

Komakech hakucheka. Alivuta kiti, akakaa taratibu.

"Bado amevaa kofia?"

Amito aliganda. Yeye hakuwa ametaja kofia.

"Unamjua?"

"Sema polepole." Komakech aliutazama mlango. "Ndiye mwenye nyumba hii. Tulimsimamisha pale juani ili ajibu maswali. Kutwa nzima. Ilikuwa amri. Aliomba kitu kimoja tu, asogezwe kivulini. Hatukumsogeza. Jioni gari likamchukua."

"Wakampeleka wapi?"

"Sikuuliza."

"Miezi yote hii!" Amito alisema, na kunong'ona kukamshinda. "Nachimba, namwagilia, naitukana ardhi, na wewe unanitazama tu dirishani!"

"Ungefanya nini kama ningekuambia?"

Amito aliinuka, akaanza kufunga mizigo.

Hawakumaliza wiki katika nyumba ile. Walihamia vyumba viwili huko Kasubi, na Amito akaapa hatapanda tena hata jani la mboga. Ua lao lilikuwa wazi, halina mti wala ukuta mrefu, na jua la siku ile ya kwanza lilikuwa kali hasa. Akafua nguo zote za safari, akazianika kwenye kamba moja.

Alasiri alitoka kuanua. Mashuka yalikuwa yamekauka kau. Nguo za mtoto pia, na gauni zake. Shati la Komakech tu, lililokuwa katikati ya kamba, juani kabisa, lilikuwa bado linachuruzika maji.