Waliojipanga Nyuma ya Médiatrice

Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, wakazi wa kilima kimoja cha Kinyinya walifyeka nyasi, wakazibua mtaro, kisha wakakusanyika uwanjani kuamua njia ya barabara yao mpya. Ikinyooka, ingepita juu ya nyumba ya Médiatrice na chemchemi iliyo chini yake. Ikipinda, ingefuata mikaratusi. Kura yao haikuhitaji karatasi: mtu hujipanga nyuma ya anayemuunga mkono, akimshika bega aliye mbele yake, na mstari hauvunjwi mpaka mkuu wa mtaa atamke, "Tawanyikeni."

Norman, aliyehamia majuzi, alisimamia njia iliyonyooka. Médiatrice akasimama peke yake upande wa pili. Matokeo aliyajua kabla ya kuhesabiwa. Wote waliochota naye maji kwenye chemchemi ile, waliomwita Mama Ihirwe, walikuwa kaburini. Ihirwe mwenyewe alitangulia, angali mtoto. Majirani wapya walimwita mukecuru, bibi kizee, basi.

Mtaa mzima ukajipanga nyuma ya Norman, isipokuwa Médiatrice.

"Mukecuru, mstari wako umejaa upepo!" Norman akatania. Watu wakaangua kicheko.

"Nyamazeni," akasema Kamanzi, mkuu wa mtaa. "Desturi ni desturi. Hata upepo utahesabiwa."

Akamaliza mstari wa Norman. Akaja kwa Médiatrice, akamgusa kwa kidole, akatabasamu, akampita.

Médiatrice akahisi mkono. Haukumshika begani. Ulimshika kiunoni, pale mkono wa mtoto unapofika. Ulikuwa wa baridi, umelowa.

"Mama," sauti ikanong'ona. "Usigeuke. Utatuvuruga."

Hakugeuka.

Nyuma yake Kamanzi alikuwa bado anahesabu. Kidole kiligusa hewa. Kikasogea. Kikagusa tena. Kicheko kikapungua. Kikafa. Akafika kwenye mikaratusi, akaendelea mbele.

Aliporudi, shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Barabara itapinda," akasema kwa sauti ndogo.

"Mzee, acha mzaha," Norman akabisha. "Hesabu upya."

"Hesabu wewe."

Norman akatazama vumbi jekundu nyuma ya yule ajuza. Hakuhesabu. Watu wakaondoka, kwanza kwa staha, kisha mbio, na Kamanzi pamoja nao.

Barabara ikapinda. Nyumba ipo, chemchemi ipo. Majirani hupita mbali, hata salamu hawampi. Lakini siku ile Kamanzi aliondoka bila kutamka lile neno moja.

Kila alfajiri Médiatrice hukuta nyayo za miguu peku zilizolowa, moja nyuma ya nyingine, kutoka chemchemini, zote zikiuelekea mlango wake. Kila alfajiri huwa zimesogea. Kamanzi alituma ujumbe kwamba yu tayari kuja kulitamka neno. Médiatrice hakujibu.

Jana asubuhi unyayo wa mbele, mdogo, ulikuwa umeshavuka kizingiti. Komeo la mlango lilikuwa mahali pake, limefungwa kwa ndani.