Mkunazi wa Al-Malqa

Kilichoanza ni harufu ya mvua. Riyadh katikati ya Agosti, jua la utosi, hewa kavu mpaka pua inachoma, na pale mbele ya mlango mkuu wa hoteli mpya ya Al-Malqa pananukia udongo uliorowa. Protus, aliyeshika kazi ya kumwagilia bustani yote ya hoteli, aliinama akagusa mchanga chini ya mkunazi. Ulikuwa mkavu. Valvu alikuwa ameifunga mwenyewe asubuhi.

Hakumwambia mtu. Nani amewahi kulalamikia harufu nzuri?

Mkunazi wenyewe ulikuwa umefika miezi michache nyuma, umelazwa juu ya lori refu kutoka bonde moja la nyuma ya Jeddah, mizizi imefungiwa ndani ya sanduku la mbao lenye ukubwa wa chumba. Madam Rima, msanifu wa bustani, alikuwa amezunguka mabonde akitafuta mti mzee wa kusimamisha mlangoni, ili tajiri akishuka garini aone kivuli kabla ya kuona marumaru. Aliupata. Kreni iliusimamisha, picha zikapigwa, na tangu siku hiyo hakuna ndege aliyetua pale. Shomoro waliukaribia, halafu wakakata kona.

Aliyeipenda harufu ile kupita kiasi ni Sellah, mdogo wake Protus, msafishaji wa ukumbi wa mapokezi. Protus ndiye aliyemtafutia kazi hiyo, na mama yao kule Webuye alimkabidhi binti kwa maneno machache: umrudishe vile ulivyomchukua. Mchana, saa ambazo watu wa nje hukatazwa kufanya kazi juani, Sellah alikuja kula na kaka yake chini ya mti.

"Sikia hiyo harufu, Protus. Si ni Webuye kabisa, mvua ikianza?"

"Wewe maliza chakula urudi ndani, usinitafutie maneno na supavaiza."

"Na hizi nazo?" Alichuma kunazi mbili zilizoiva, akazitia mdomoni kabla hajajibiwa. "Wee! Tamu."

Protus alicheka. Baadaye ndipo alipokumbuka kwamba haukuwa msimu wa kunazi, na kwamba matawi mengine yote yalikuwa matupu.

Wiki haikuisha. Wenzake Sellah walihamisha vitanda vyao mbali na chake, kwa sababu msichana huyu, ambaye Kiarabu chake chote kilikuwa yalla na halas, yaani twende na basi, sasa alizungumza usingizini Kiarabu cha ndani kabisa, cha wachunga ngamia, kwa sauti ya mtu anayetafuna changarawe. Akiamka hakumbuki kitu. Nywele zake zilinuka udongo uliorowa.

Protus aliogopa, tena aliogopa mara mbili. Nchi ile ukishukiwa tu kwamba umetafuta mganga, umekwisha. Lakini alipokuwa akifanya kazi Jeddah alikuwa amefahamiana na Maalim Shaame, mzee wa Kipemba wa mtaa wa Al-Baghdadiyah, ambaye husomea wagonjwa Kurani na kuwaogesha kwa majani ya mkunazi, si zaidi. Protus ni Mkatoliki wa rozari mfukoni, ila siku ile hakuona aibu kumpigia. Alimwingiza dada yake stoo ya vifaa vya bustani, akaufunga mlango, akaweka simu kwenye spika.

"Mkalishe chini, mwanangu," alisema Maalim. "Usimshike."

Akaanza kusoma, na kadiri alivyosoma ndivyo stoo ilivyopoa, joto lote la mchana likatoka kama lililofukuzwa, mabomba yaliyokuwa yamekauka ukutani yakaanza kugugumia, harufu ya mvua ikazidi mpaka ikawa harufu ya kaburi lililochimbwa sasa hivi, na Sellah, aliyekuwa ameinamisha kichwa, akakiinua polepole na kusema kwa Kiswahili safi ambacho hakikuwa chake:

"Sikumwingilia mimi. Nilikuwa nyumbani kwangu, mkaibeba nyumba nami nimo. Huyu kaja kula kwangu bila kubisha hodi. Nirudisheni bondeni na nyumba yangu, nami nitamwacha."

Maalim alikatiza kisomo. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa imechoka.

"Protus, mimi majini hawa nawatoa kwa majani ya mkunazi. Huyu, mkunazi ndiyo nyumba yake. Nimtishe na nini?"

Protus alimfuata Madam Rima, akamwambia mti ule haufai, urudishwe. Madam alicheka bila ubaya. "Mti ule hautoki pale, labda ufe."

Neno hilo alilishika kwa mikono miwili: ukifa, utang'olewa na kuondolewa pale. Siku hiyo hiyo alikata maji ya mkunazi, akaifukia valvu chini ya kokoto. Majani yalipoanza kugeuka manjano alifurahi, maskini, furaha ya mtu aliyeona njia, na hakutambua kwamba siku zile zile Sellah alikuwa akimaliza chupa ya maji baada ya chupa na bado analamba midomo, kwamba midomo ilipasuka, kwamba ngozi ya mikono ilikuwa ikibanduka magamba magamba yenye rangi ya gome, mpaka alipoanguka ukumbini mbele ya wageni na Protus, akimwinua, akamwona mwepesi kama kuni na akasikia kifuani mwake mchakacho wa majani makavu.

Alikimbia akafukua valvu kwa kucha. Maji yalipoingia mizizini, Sellah alivuta pumzi.

Alijaribu kumsafirisha nyumbani. Hawajafika nusu ya njia ya uwanja wa ndege, damu ikamtoka puani na masikioni, wakageuza gari. Ikawa basi: Protus anamnywesha jini ili dada yake aishi. Mti ulinawiri. Watalii waliusifu.

Madam Rima naye aliusifu. "Umeshika mizizi sasa," alisema, akigusa tableti yake. "Mti wa jangwani haudekezwi. Tunauachisha maji, kama mtoto anavyoachishwa ziwa. Valvu sasa itafungwa na kompyuta ya ofisini."

"Madam, tafadhali. Huu usiuachishe. Nakuomba."

"Unapenda miti, Protus. Ndiyo maana nakuchukua kwa bustani ya Jeddah. Kafili wako aliyekudhamini ameshakubali."

Alilia mbele yake, mtu mzima. Madam alimpa tishu. Kesho yake alikuwa ndani ya basi.

Kule Jeddah alichimba mashimo ya mitende kando ya Corniche, barabara ya ufukweni, simu mfukoni. Alimpigia Alfayo, Mkenya mwenzake aliyeachiwa kumwagilia bustani kule Riyadh.

"Brathe, valvu inafungwa na kompyuta, sina uwezo," alisema Alfayo. "Nilibeba maji na ndoo, walinzi wakanifukuza. Nikirudia wananifuta."

"Na Sellah?"

"Amelala. Haongei tangu jana."

"Mpelekee simu msichana yeyote wa chumbani kwake amwekee sikioni."

Alingoja. Alisikia hatua, mlango, kisha pumzi, na nyuma ya pumzi upepo ukipita matawini.

"Sellah, ni mimi. Kunywa maji, dada. Hata kidogo."

"Usijisumbue," ilijibu ile sauti, taratibu, bila chuki yoyote. "Mimi nimezoea ukame. Huyu wako ndiye hajazoea."