Napinga ya Hoza Saba

Kipimautu kilikaa kwenye mlango wa Baraza la Mafundi, uwanja wa mtandaoni ambako waandishi wa programu wa Tanga nzima walibishana, na kila ujumbe uliopita kiliupima: umeandikwa na mtu au na mashine? Mtu hukosea herufi, huanza na salamu, huzungukazunguka kabla ya kusema analotaka. Kipimautu kilijumlisha yote hayo kikatoa asilimia ya utu, na wanachama wakakiamini, kwa kuwa hawakuwa na kitu kingine cha kuamini.

Mhandisi Tunu Mhando, msimamizi wa Baraza, hakuhitaji asilimia yoyote kumshuku mwanachama aliyejiita Hoza Saba. Alimshuku tangu siku ya kwanza.

Hoja ya wiki hiyo ilikuwa Nahodha, programu mpya ya kuendesha mashine za kupumulia katika Hospitali ya Bonde Jema. Nahodha ilijirekebisha yenyewe bila kuomba ruhusa ya mtu, na hapo ndipo ugomvi ulipowaka. Je, ni haki programu iamue peke yake lini ijibadilishe, mgonjwa akiwa kitandani? Wengi walisema ni haki, maana binadamu ni mzembe. Lakini kwa desturi ya Baraza hoja hujadiliwa siku saba, na "napinga" moja tu ya mwanachama inatosha kuizuia. Hoza Saba aliandika kila siku: "Inasimama ikijirekebisha. Napinga." Maneno yaleyale, nukta zilezile, bila hata habari za asubuhi.

"Huyo katumwa," alisema Chande, msaidizi wa Tunu. "Wapinzani wa Nahodha wametupandikizia mashine. Ona, asilimia nne."

"Nimemwomba ushahidi mara sita. Ananirudishia sentensi ileile."

Siku ya saba Tunu alimfuta, na napinga yake ikafutika naye. Nahodha ikapita. Tunu alifurahi, tena sana, kama mtu aliyemkamata kibaka kwa mkono wake.

Wiki mbili baadaye, asubuhi ya uzinduzi wa Nahodha hospitalini, mwanamke alipiga simu ofisini. "Mmemziba mdomo mume wangu, Hoza," alisema. Alijitaja kuwa Bi Saumu, akatoa namba ya nyumba, akakata. Tunu aliujua mchezo huo. Siku hizi hata sauti za wake za watu hutengenezwa. Alimtanguliza Chande hospitalini, yeye akaenda kwenye nyumba hiyo kumfumania mwongo.

"Shikamoo, Bi Saumu."

"Marahaba. Pita, mwanangu. Huyo hapo."

Kitandani alilala mwanamume asiyeweza kutikisa chochote ila kope. Alikuwa fundi kabla ya kupooza, na mashine iliyompumulia ilikuwa ya majaribio, yenye Nahodha ndani yake. Juu ya uso wake kilining'inia kioo cha herufi. Aliandika kwa kupepesa, na sentensi moja ilimlia nusu saa, kwa hiyo aliihifadhi na kuituma tena kesho yake. Salamu angezitolea wapi? Tunu aliona aibu, kisha akaishuku hata aibu yenyewe: huenda kitanda hiki nacho ni maigizo.

"Mbona hukuandika wewe, mama?"

"Baraza lenu linapokea mafundi. Mimi ni mshonaji. Na kampuni ya Nahodha inasema kumbukumbu za mashine hazionyeshi kwamba ilisimama."

Mashine ikanyamaza. Kioo cha mashine kikaandika: NAHODHA INAJIREKEBISHA, TAFADHALI SUBIRI. Kifua cha Hoza kilitulia kabisa.

Bi Saumu hakushtuka. Alichomoa bomba, akapachika mpira wa mkono wa kusukumia hewa, akaminya mara mbili, kisha akamkabidhi Tunu. "Minya, hesabu hadi nne, minya tena. Mikono yangu imechoka."

Tunu akaminya. Kifua kikainuka. Hapo shaka yote ikamtoka, akabaki na hofu tupu.

"Huchukua muda gani?"

"Dakika sita. Mara nyingine kumi."

"Na huanza lini?"

"Ikishawashwa, saa moja haipiti."

Bonde Jema kulikuwa na vitanda sitini na wauguzi wawili; wengine walipunguzwa kwa sababu ya Nahodha hiyohiyo. Tunu alimwomba Bi Saumu amshikie simu sikioni.

"Chande, msiwashe."

"Nani kasema?"

"Hoza Saba."

"Dada, yule si mtu. Tulikubaliana."

"Namjaza hewa kwa mikono yangu hapa. Msiwashe."

Nyuma ya Chande ngoma za sherehe zilisikika. "Mgeni rasmi aliwahi," alisema. "Tumewasha tangu saa tatu."

Ilikuwa saa nne kasoro dakika tano. Kuzima nako kungewakatia wagonjwa pumzi.

"Kila kitanda kina mpira wake kabatini," Tunu alisema, akiminya. "Kusanya watu, Chande. Wapishi, wapiga ngoma, mgeni rasmi mwenyewe. Yeyote mwenye mikono."