Mochi Iliyofunguliwa Wodini

Kwanza ilikuwa harufu. Wodi aliyolazwa kijana Kiyoto ilichujwa hewa kutwa kucha na mashine iliyonguruma darini, maua yalipigwa marufuku, hata mmea wa kopo haukuvuka mlango. Lakini mchana ule Fusae alipomwinamia mwanawe kumpangusa jasho, pumzi ya kijana ilipenya barakoa ikanuka stoo. Stoo ya kwao Niigata, nyuma ya magunia ya mchele, pale theluji inapoyeyuka na kulowesha ukuta.

"Umekula nini?" alinong'ona.

"Nile nini, Mama? Uji huu wa hospitali? Hata paka angeuonea huruma."

Fusae akacheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Harufu ile aliijua. Yeye ndiye aliyeileta.

Kiyoto alikuwa na saratani ya damu. Walikuwa wamemwekea uboho mpya, na kinga yote ya mwili wake ilikuwa imefagiliwa. Wiki moja nyuma, siku ya kufungua mochi, mama mtu alishindwa kujizuia. Kwao mwaka mpya huja na mgeni asiyeonekana, mwenye baraka, akaketi ndani ya mochi mbili za mchele uliopondwa, moja juu ya nyingine, kwenye kishubaka cha sebuleni mpaka zikauke kama jiwe. Kisu hakizigusi. Hupigwa nyundo, na wala husemi unazivunja; unazifungua. Zikiota ukungu unakwangua, unachoma, unakula, na nani amewahi kufa? Fusae alikwangua ule wa kijani, mweusi ukabaki kwenye nyufa. Kuomba ruhusa aliona haya. Akaificha mochi ya juu chini ya sweta, akawapita wauguzi akiwainamia kwa adabu zote.

"Karibu, mgeni wa mwaka," alisema kando ya kitanda. "Mwingie mwanangu. Kaa."

Kiyoto alishusha barakoa, akaigonga mochi kwa kinyundo alicholetewa, *tok*, vumbi likamrukia usoni. Akapiga chafya. Wakacheka chini chini kama watoto walioiba sukari.

Kesho yake baada ya ile harufu, shavu lilivimba, jicho la kushoto likafumba, na kwenye kaakaa likatokea doa jeusi. Daktari Hirasawa aliinama kulitazama, kisha akawageukia.

"Kuna kitu kimeingia humu kutoka nje? Chakula, udongo, nguo ya kabatini? Siulizi ili nigombe. Nadhani ni kuvu, lakini kuvu ziko nyingi, na dawa inayoua hii haiigusi ile. Nikikosea, itapanda kwenye ubongo."

Fusae alifungua kinywa. Kwa aibu akainama kunyoosha shuka.

"Mama hakuleta kitu," Kiyoto alisema, kwa sauti ya puani.

Naye akamwacha aseme. Mtoto anakufa huku akimsitiri mama yake, na mama anakubali kusitiriwa.

Daktari alipotoka, ikasikika *tok*. Fusae alitazama mlango, akatazama mashine, akatazama dirisha ambalo halikuwahi kufunguliwa, na sauti ikarudi, *tok*, karibu zaidi, kavu, yenye subira, mpaka akaelewa kwamba kinachogonga kiko chini ya shavu la mwanawe, kikigonga mfupa kwa ndani.

"Kiyoto. Kiyoto, unasikia?"

Mdomo wa kijana ulifunguka. Ulimi haukusogea. Sauti iliyotoka ilikuwa ya upole, ya mgeni aliyeridhika na chumba alichopewa.

"Ulinikaribisha, mama mwenye nyumba. Uliniambia nikae."

"Toka," Fusae alinong'ona. "Nakusihi, toka."

"Utanifukuzaje? Hujathubutu hata kusema kwamba nimo."

Fusae alikimbilia koridoni. Mbele ya wauguzi, mbele ya wagonjwa na wageni wao, alipiga magoti akagusa sakafu kwa paji la uso.

"Ni mimi! Nilimletea mochi yenye ukungu. Ikafunguliwa usoni pake, nikaficha!"

Daktari Hirasawa alichuchumaa mbele yake. "Ukungu ulikuwa wa rangi gani?"

"Wa kijani niliukwangua. Mweusi niliuacha."

Dawa ilibadilishwa saa ile ile, na kabla ya jua kutua walikuwa wameliondoa jicho na nusu ya kaakaa. Hakuna aliyemgombeza. Hilo ndilo lililomchoma Fusae kuliko yote.

Maua ya plamu yalikuwa yamekwisha pukutika Kiyoto alipofika nyumbani. Alisimama mlangoni, kitambaa juu ya shimo la jicho.

"Nimerudi, Mama."

Anayerudi husema hivyo, na aliye ndani lazima amkaribishe. Fusae alinyamaza. Alikuwa ananusa. Dawa, sabuni, jasho la safari, na kwa mbali, au ni hofu yake tu, ukuta uliolowa. Kiyoto alisubiri, kiatu kimoja mkononi, jicho lake la pekee likianza kulengwa na machozi. Aibu ikampanda Fusae mpaka masikioni. Mama gani humnyima mwanawe neno moja? Akainama haraka.

"Karibuni," alisema.

Kiyoto aligeuka kutazama nyuma yake.

"Mama," alisema, "niko peke yangu."