Mkono wa Mpiga Isukuti

Kabla ya kupigwa, isukuti, ngoma ya Waluhya, hupashwa moto ili ngozi yake ikaze. Hezekiah wa Shirere alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Siku moja alikuwa akijiandaa kwa harusi ya mdogo wake, Mark. Aliwasha majani makavu ya mgomba, akazungusha ngoma juu yake. Upepo ukavuma, moto ukaruka, ukamla kiganja cha kushoto.

Mkewe, Immaculate, alikimbilia dawa ya meno. "Mama yangu alitumianga hii," alisema.

"Weka chini hiyo, Mama Cindy," alisema jirani yao Jescah, mhudumu wa afya ya jamii. "Lete maji safi ya baridi."

Jescah alimvua Hezekiah pete kabla kidole hakijavimba. Alimwagia mkono maji polepole kwa dakika ishirini, akaufunika kwa kitambaa safi. Kisha wakaenda zahanati.

Kesho yake mkono ulikuwa umefura kama andazi. Hezekiah alifungua bandeji, akachukua mwiba wa mlimau.

"Haya maji ya malengelenge ni uchafu," alisema. "Nikiyatoa, nitapiga ngoma harusini."

Immaculate aliogopa sana. Alimpenda Hezekiah tangu siku ile alipoona mikono hiyo ikicheza juu ya ngoma. Akamwita Jescah.

"Shemeji, tulia," alisema Jescah. "Mwili wako uko kazini. Ngozi ni ua wa boma. Moto ukiuvunja, sehemu iliyoungua hupiga mbiu. Mishipa midogo ya damu hutanuka na maji huvuja. Ndiyo maana umevimba. Chembe nyeupe za damu hupita hapo hapo. Hao ndio askari wa kinga ya mwili. Wengine hula vijidudu. Wengine hufagia vilivyokufa, halafu huita mafundi wa kujenga ngozi mpya."

"Nani huwatuma?" aliuliza Immaculate.

"Hakuna. Mwili wenyewe unajua."

Immaculate alitikisa kichwa. "Mungu ni fundi kweli."

"Lengelenge ni kifuniko," Jescah aliendelea. "Ukilitoboa, umefungulia vijidudu mlango. Ukiona usaha, homa, au wekundu unaosambaa, rudi zahanati mara moja. Na askari hawapigani wakiwa na njaa. Kula maharagwe, mayai, na kuku, ingokho yetu."

"Na harusi?"

"Chagua, shemeji. Harusi hii moja, au zote zitakazokuja."

Hezekiah aliutupa mwiba. Harusini aliimba tu, mkono ukiwa umefungwa. Ngoma ilipigwa na rafiki yake Osiako, na Hezekiah aliumia moyoni. Lakini kila bandeji ilipobadilishwa zahanati, Immaculate alichungulia. Kidonda kilikuwa kikipungua. Alishangaa kila mara.

Siku hizi Hezekiah hukaza ngoma yake kwa kuianika juani. Mtoto wa Mark alipobatizwa, yeye ndiye aliyepiga isukuti. Watu wote walicheza hadi vumbi likatimka. Immaculate hakucheza. Alisimama karibu na ngoma, akakitazama kile kiganja chenye ngozi mpya, machozi yakimtoka.