Taa Zitazame Miguu

Kila asubuhi ya msimu Upendo aliokota korosho kabla jua halijakausha umande. Aliinama chini ya mkorosho, akapekua majani makavu kwa kijiti, akanyofoa korosho kwenye bibo, akatupia ndooni. Asubuhi ile kijiti alikisahau jikoni. Akapekua kwa mguu.

Maumivu yalimpanda hadi gotini kabla hajajua ni kitu gani. Alipotazama chini aliona mkia mfupi, mnene, ukirudi polepole chini ya majani, bila haraka yoyote, kama mtu aliyemaliza kazi yake. Nyoka, kifutu.

"Mama!"

Mama Upendo alikuja mbio, jembe mkononi. Hakupiga yowe. Alimlaza mwanawe, akaunyoosha mguu, akaufunga kwenye mpini wa jembe kwa kanga bila kuukaza. Jirani mmoja alifika na wembe wa kuchanja jeraha. Mama akamwambia aurudishe alikoutoa.

"Mwambie mumeo awashe gari," alimwambia Upendo, ingawa Cecil alikuwa amesimama papo hapo, uso umemsawijika.

"Mama anasema uwashe gari."

"Mwambie Mama nakwenda kuliwasha."

Ndivyo walivyoishi Kitangari tangu Cecil ahamie kwa wakwe zake. Hakuwahi kumkabili mama mkwe kwa neno wala kwa jicho; hata shikamoo yake ilipitia kinywani mwa Upendo, na marahaba ikarudi kwa njia hiyohiyo. Hiyo ndiyo heshima. Upendo alikuwa daraja, na daraja lile lilikuwa na tabia ya kuchagua kipi kivuke. Maneno makali aliyalainisha njiani.

Kama yale ya taa. Cecil alipotaka kuongeza taa kwenye pikapu yake, alikwenda Masasi kwa fundi Abdulrazaki. Fundi alimwekea aina mbili mezani: za ukungu, za njano, za kufungwa chini ya bampa, na spoti nyeupe za juu ya kebini, zenye kupiga mbali.

"Unaendesha wapi zaidi, bondeni au juu kwenu?" fundi aliuliza.

"Kote. Nipe zinazoonekana," Cecil akacheka.

Alirudi na spoti nne juu ya kebini. Mama Upendo alizitazama kwa muda mrefu kutoka mlango wa jiko. "Mwambie mumeo huku kwetu taa zitazame miguu, zisitazame mawingu. Azirudishe." Upendo akamwona mumewe anavyozifuta vumbi kwa ncha ya shati. Akashindwa.

"Mama anasema zinapendeza," akamwambia.

Sasa alilala kwenye godoro, kwenye bodi ya pikapu, kichwa karibu na kidirisha cha kebini kisicho na kioo. Mama alikaa naye, kwani hakuweza kuketi kebini na mkwe. Mguu ulikuwa umevimba, ngozi imekaza na kung'aa. Dawa ya sumu ile ilikuwa hospitali ya bondeni. Barabara kuu ilizibwa na lori lililolala ubavu kwenye tope, hivyo Cecil alishika njia ya zamani, ile inayoteremka ukingo wa uwanda wa juu.

Ukungu uliwapokea kwenye kona ya kwanza. Ulikuwa unapanda kutoka bondeni, mzito, ukimeza mti baada ya mti. Asubuhi ikageuka kuwa kitu kisicho mchana wala usiku. Ndege walinyamaza.

Cecil aliwasha spoti.

Mbele yao pakasimama ukuta mweupe. Mwanga wote uliotoka ulirudi machoni mwake.

"Mwambie azime!" mama alisema. "Mwambie asimame!"

Upendo alifungua kinywa. Yakatoka matapishi. Alijaribu tena, kila kitu kilikuwa kinazunguka, na jina la mumewe lilikuwa mbali sana.

Mama akapiga bati la kebini kwa kiganja. Pa-pa! Pa-pa!

Lakini kila aliyewahi kupanda gari anajua: bodi ikipigwa mara moja, simama, mara mbili, twende. Cecil aliwaza kwamba mkewe anakufa. Akakanyaga mafuta.

Gari likateleza. Upendo aliusikia mlima ukitoka chini yake, godoro likainama, mkono wa mama ukamkamata kifuani. Chuma kililia juu ya jiwe. Kisha kimya. Gurudumu moja la nyuma lilikuwa linazunguka hewani, na mawe yalianguka chini, yakaendelea kuanguka, hadi hayakusikika tena.

"Cecil!"

Mama hakuwahi kulitamka jina hilo. Cecil aligeuka kidirishani, damu ikimtiririka kwenye nyusi, na kwa mara ya kwanza wakatazamana.

"Naam, Mama."

"Usitikisike. Nitashuka kwanza."

Alishuka upande wa mlima, akachuchumaa, akasukumia mawe chini ya gurudumu. Cecil akaigusa gia kama anayegusa yai. Gari likajivuta, likarudi njiani, likasimama likitetemeka.

"Hizo taa zako zinafunguka?"

"Zinafunguka."

"Zishushe."

Alizifungua mbili kwa spana, akavuta waya, akazifunga chini ya bampa kwa mpira wa kufungia mizigo. Zilipowaka, mwanga bado uliumka mbele ya macho. Mama alichota tope, akazipaka nusu ya juu ya vioo, kama anayemvika mtoto kofia. Ukungu ukabaki juu, mzito vilevile. Lakini chini yake zikaonekana hatua chache za ardhi nyekundu, mawe, na ukingo.

"Nilipokuwa msichana tulifuata maji bondeni kwa njia hii," mama alisema, akivua kandambili. "Nitatangulia. Nikiinua mkono, kanyaga breki. Usinitazame kichwani. Nitazame miguu."

Akatembea. Ndani ya mwanga ule Cecil aliona visigino vilivyopasuka vikichagua ardhi, vikisita, vikiendelea. Kuna mahali viliganda, mkono ukapanda, na kumbe nusu ya njia ilikuwa imekwenda na mvua. Alipita akikwaruza mlima. Nyuma, Upendo alikuwa ameacha kuugulia, na kimya hicho kilimtisha Cecil kuliko korongo.

"Upendo! Jibu hata tusi!"

"Zima... redio," sauti ndogo ikatoka. Redio haikuwepo. Cecil akalia huku akiendesha.

Walitoka chini ya ukungu jua likiwa juu. Kwenye lami mama alifungua mlango wa kebini, akaketi kando ya mkwe wake, miguu ikivuja damu. Cecil akakanyaga mafuta hadi hospitali.

Upendo alipozinduka, dripu ilikuwa inadondoka, na daktari alikwisha sema mguu utapona, ila kidole kimoja haijulikani kama kitapona. Mama alikuwa upande mmoja wa kitanda, Cecil upande wa pili.

"Siku ile ya taa," mama alikuwa anasema, "niliagiza uzirudishe. Sijui wewe uliambiwaje."

"Niliambiwa zinapendeza."

Wote wawili wakamgeukia Upendo. Akafumba macho upesi.

"Zinapendeza," mama alisema, akayapangusa magoti yake yasiyo na vumbi. "Mimi sikuwa na ugomvi na taa. Ukichelewa njiani silali, naketi jikoni nasikiliza gari. Sasa nalisema kwa kinywa changu: mwanangu, nataka uwe unafika."